Kabla hujailipia kayaki ya kuvulia, ipandishe kwenye mzani

Kayaki yangu ya kwanza, yaani mtumbwi mwembamba wa mtu mmoja, ilikuwa na kilo 45. Niliinunua mjini Arusha kwa familia iliyokuwa inahama nchi. Ilikuwa na kiti cha juu, pedali za kukanyaga kama baiskeli na usukani wa pembeni, na nilipoiona nikajua nimefika. Fimbo ya kuvulia kwa nzi wa bandia nilikuwa nayo tayari. Niliachiwa na mgeni niliyemwendesha mbugani siku kumi, na kila jioni alikuwa ananifundisha kurusha mshipi wake kwenye nyasi za kambi. Nilichokosa ni chombo cha kunitoa ukingoni, maana Ziwa Duluti limezungukwa na msitu mpaka majini, na ukirudisha mshipi nyuma tu umenasa kwenye matawi.

Naishi Tengeru. Kutoka getini kwangu hadi ziwani ni mwendo wa chai kutopoa. Lakini plastiki ya kilo 45 yenye urefu wa mita 3.9 huipandishi kwenye keria ukiwa peke yako. Ilibidi nimsubiri jirani atoke kazini, au niwalipe vijana wawili wa bodaboda, kwenda na kurudi. Kwa miezi mitano niliingia majini mara nne. Niliiuza, nikanunua ya mita 3.1 yenye kilo 24, haina pedali, haina usukani, na tangu hapo kila alfajiri nisiyokuwa na safari ya kazi niko ziwani.

Kwa hiyo dereva mwenzangu akiniuliza anunue kayaki gani, siulizi ana shilingi ngapi. Namuuliza: nani atakushikia upande wa pili?

Uzito anaokutajia muuzaji mara nyingi ni wa plastiki tupu, bila kiti na bila vifaa. Nenda na mzani wa kupimia watu. Jipime mwenyewe, kisha jipime ukiwa umeikumbatia kayaki na kiti chake, utoe ya kwanza kwenye ya pili. Ukishindwa kuinyanyua ili upime, jibu umeshalipata bila hesabu. Kwa mtu mzima anayevua peke yake, mpaka wangu ni kilo 30. Juu ya hapo uwe na trela, au uwe na mwenzako wa kudumu ambaye naye anavua.

Halafu fikiria njia ya kutoka gari linapoishia hadi kwenye maji. Duluti ni hatua chache. Kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu maji yakipungua utavuka tope refu. Chala, kule mpakani na Kenya upande wa Rombo, ziwa liko chini ndani ya shimo la volkano na unashuka kwa mguu kwenye mteremko mkali. Utakachoshusha asubuhi utakipandisha saa sita jua likiwa kichwani. Kwa mahali kama pale, kayaki ya kujaza upepo ndiyo inayoingia akilini. Inakunjwa, inabebwa mgongoni, na nyingi zina kilo kati ya 10 na 17. Chagua yenye vyumba vya hewa visivyopungua vitatu, kimoja kikitoboka vingine vikurudishe, na yenye sakafu ngumu inayojazwa kwa presha. Ukiipandisha ukingoni ipunguze upepo, maana hewa ikichemka juani inapanuka na kuachanisha mishono. Upepo wa ziwani nao unaisukuma kama jani, kwa hiyo kwa maji ya wazi mimi nabaki na plastiki.

Plastiki ziko za aina mbili: ya kuingia ndani, miguu ikifichwa, na ya kukalia juu yenye matundu yanayopenya hadi chini ili maji yamwagike yenyewe. Mvuvi achukue ya kukalia juu. Ukianguka unapanda tena bila kuhitaji kuchota maji, na mikono yako ina nafasi ya kufanya kazi. Urefu wa mita 3 hadi 3.6 unatosha maziwa yetu. Upana ndio wa kuangalia zaidi: chini ya sentimita 75 utakuwa unajishikilia badala ya kuvua, juu ya 90 utakuwa unasukuma kitanda. Yangu ina 81.

Kuna namba nyingine imeandikwa kwenye kibandiko, uzito ambao chombo kinaweza kubeba. Usiijaze. Tumia kama asilimia 70 tu, kwa sababu kayaki iliyolemewa inakaa chini, maji yanapanda kupitia yale matundu na wewe unavua ukiwa umelowa makalio. Mimi nina kilo 85. Nanga, maji ya kunywa, chakula, fimbo na jaketi vinafika 12. Jumla 97, na 97 ukigawa kwa 0.7 unapata kama 139. Kwa hiyo ya 140 kwenda juu ndiyo yangu. Fanya hesabu yako ukiwa nyumbani, maana ukiwa mbele ya muuzaji rangi nzuri inakusahaulisha.

Sasa jambo ambalo wauzaji wengi hawalijui, kwa sababu wamezoea wavuvi wa chambo. Mvuvi wa chambo anarusha kipande kizito cha madini ya risasi na uzi unatoka wenyewe. Nzi wetu wa bandia ni manyoya na nyuzi zilizofungwa kwenye ndoana ndogo, hana uzito wa kufika popote. Kinachorushwa ni mshipi wenyewe, ule mnene, na ukishatua unauvuta kwa mkono, kidogo kidogo, mpaka unarundikana mapajani na miguuni. Muda wote kuna mita nane au kumi za mshipi zimelala ndani ya kayaki, na chochote kilichochomoza kitazidaka.

Asubuhi moja pale Duluti, ukungu ukiwa bado juu ya maji, perege walikuwa wanavunja uso wa maji kando ya matete, mita 12 hivi kutoka nilipo. Nilirusha vizuri. Mshipi ukatoka, ukanyooka, kisha ukakwama hewani kama umeshikwa na mtu. Kitanzi kimoja kilikuwa kimejinyonga kwenye skrubu ya kishikio cha fimbo, skrubu isiyozidi punje ya mahindi. Nzi akaanguka mita tatu mbele yangu kwa kishindo. Wale samaki sikuwaona tena siku ile.

Kwa hiyo nenda kwa muuzaji na rili yako, kile kigurudumu cha kuzungushia mshipi. Kaa kwenye kiti pale pale uani, mwaga mita kumi za mshipi mapajani na miguuni, halafu mtu auvute kuelekea mbele taratibu huku unaangalia unanasa wapi. Kila unaponasa, uliza kama hicho kitu kinafunguka. Vishikio vya fimbo, vya simu, vya chupa, reli za pembeni, kamba za mpira, hivi vyote wanavihesabu kama faida na bei inapanda kwa ajili yake. Kwetu ni miiba. Kayaki yenye sitaha tupu mbele ya kiti ni bora kuliko iliyojaa vifaa, hata ukipewa kwa bei ileile. Vile nisivyoweza kufungua navifunika kwa kitenge nilichokilowesha, na mshipi unateleza juu yake bila shida. Pedali ndizo zilizonitesa zaidi kwenye ile ya kwanza, maana zinakaa katikati ya miguu, hapo hapo mshipi unapoangukia.

Watu huniuliza kama lazima usimame. Si lazima, na kwa mwaka wa kwanza nakushauri usisimame. Kayaki inakusogeza karibu na samaki kimya kimya, kwa hiyo ukiweza kurusha mita 12 hadi 15 umekaa, umemaliza. Fimbo ya futi 9, namba 5 au 6 (namba ya uzito wa mshipi), inatosha. Kinachosaidia ni kiti cha fremu kilichoinuka kidogo, maana ukikaa chini sana mshipi unaporudi nyuma unapiga maji.

Kayaki nyingi utakazozikuta Arusha na Moshi ni za mkono wa pili, za watu wanaohama. Hilo si baya. Ila usikague ikiwa imelala kwa tumbo. Igeuze, uilaze juu ya matairi mawili, mwanga wa jua uje kutoka upande. Pitisha kiganja kuanzia mbele hadi nyuma. Mikwaruzo ni ya kawaida, ni kama magoti ya mtoto. Ukifika kwenye kisigino cha nyuma, pale inapoburutwa, bonyeza kwa dole gumba: ikibonyea kama chupa ya maji, plastiki imelika. Tazama ndani ya kila tundu la kutolea maji, maana hapo ndipo nyufa zinapojificha, hasa kama imekuwa ikibebwa kwenye kigari kinachoingia matunduni. Rangi iliyopauka na kuacha unga kwenye vidole maana yake imekaa juani miaka. Kisha chomoa kizibo, mimina ndoo mbili za maji ndani ya tumbo, rudisha kizibo, inyanyueni upande mmoja, halafu mwingine, na kaeni dakika tano mkiangalia chini. Machozi yoyote ya maji utayaona. Muuzaji akikwambia ataziba kwa gundi, shukuru uondoke. Plastiki hii ya polietilini haishiki gundi za kawaida, inataka kuchomelewa kwa plastiki ya aina ileile.

Mimi ile ya pili nililipa laki tisa pamoja na kasia. Ukiagiza kutoka Dar es Salaam kumbuka kuwa buti la basi halimezi mita tatu, itakuja kwa lori; ya kujaza upepo ndiyo inayosafiri na basi. Kwenye keria ya gari ilaze kifudifudi, tumbo likiwa juu, mikanda miwili katikati, kamba moja mbele na moja nyuma. Usiikaze mpaka ilie. Jua la barabara ya Moshi linalainisha plastiki, na mkanda uliokazwa sana unaacha bonde kwenye tumbo. Funga kitambaa chekundu nyuma inapozidi gari.

Kasia: kwa upana kama wa yangu na kiti cha juu, sentimita 240 hadi 250. Fupi zaidi ya hapo linagonga ubavu na maji yanakuchuruzikia mapajani. Nanga ya kilo moja na nusu inatosha, kamba iwe mara mbili au tatu ya kina, na ifungwe mbele au nyuma ya kayaki. Usiifunge ubavuni hata siku moja, upepo ukivuta kayaki inapinduka. Kisu kikae kwenye jaketi, kamba ikigoma uikate.

Kwenye jaketi la kuokolea usibane pesa. Mengine yanayouzwa yana sponji inayonywa maji. Langu nililijaribu hivi: pipa la maji, mawe mawili ya mizani ya dukani ya kilo mbili mbili, nikayafunga kwenye jaketi nikaliacha usiku kucha. Jaketi lenye nguvu ya kuelea ya nyutoni 50 linabeba chuma cha kilo 4 bila kuzama. Asubuhi lilikuwa bado juu. Lile la kwanza nililokuwa nimeuziwa lilikuwa chini ya pipa. Chagua ambalo sponji ya mgongoni iko juu, isigombane na kiti, na ulivae hata maji yakiwa ya magoti.

Kabla ya maji yoyote, pitia kwa afisa uvuvi wa wilaya uulize leseni. Duluti ni msitu wa hifadhi chini ya TFS, Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, kwa hiyo unaanzia ofisini kwao: kiingilio, na kama kuvua kunaruhusiwa, wapi na vipi. Maziwa ya Momella yako ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha, huko acha fimbo nyumbani. Nyumba ya Mungu imewahi kufungwa na serikali ili samaki wazaliane, uliza kabla hujafunga safari. Ziwa Jipe lina viboko na mamba, na Chala mamba ameshaua mtu. Wavuvi wa mitumbwi wanajua kiboko analala upande gani wiki hii. Wasalimie, waulize, na wakikwambia leo usiingie, geuza gari. Pembezoni kwenye majani na konokono ndiko kichocho kinakopatikana, kwa hiyo usikae na miguu majini ukingojea mwenzako.

Upepo kwenye maji ya wazi huamka jua likipanda. Ingia saa kumi na mbili asubuhi, anza kwa kupiga kasia dhidi ya upepo ili urudi ukisukumwa, na saa tano uwe nje.

Siku ya kwanza usibebe fimbo. Nenda na mtu anayejua kuogelea, maji ya kifuani, jaketi mwilini, na upinduke kwa makusudi. Igeuze kayaki, shika ubavu wa mbali, piga miguu mpaka tumbo lako lilale juu ya kiti, kisha jigeuze ukae. Mara ya kwanza ilinichukua dakika nyingi na nilimeza maji. Rudia mpaka uweze mara tano mfululizo bila kushikwa mkono.