Baba Mkosaji Katika Katuni ya Mfululizo: Namna ya Kumchora Bila Msomaji Kumfungia Mlango

Msomaji wa katuni ya mfululizo humsamehe mwizi wa kuku, mganga tapeli, hata mwenyekiti wa mtaa anayekula michango, mradi wamchekeshe. Baba hapewi nafuu hiyo. Baba akila fedha ya sare ya mwanawe, kicheko hukauka hapo hapo, na kwa kuwa sehemu inayofuata itatoka baada ya wiki, msomaji ana siku saba za kumchukia kwa raha zake. Kumwandika baba mkosaji ni kujua siku hizo saba zitapita vipi.

Tutatumia mfano mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho. Katuni ina sehemu 8, moja kila wiki, kuanzia katikati ya Novemba. Baba Neema ni fundi nyavu mwaloni (mitumbwi inapopakulia samaki) Kibirizi, Kigoma. Familia inaishi Ujiji. Mama Neema anauza mawese na migebuka, samaki wa Ziwa Tanganyika, soko la Mwanga. Neema amemaliza darasa la saba, Januari anaingia kidato cha kwanza. Na Baba Neema anabeti.

Kosa moja, na bei yake

Waandishi wanaoanza humrundikia baba kila kitu: mlevi, mwongo, ana nyumba ndogo, hasomeshi. Msomaji akikuta makosa manne hana pa kushika, anaona gunia tu la uovu. Chagua kosa moja, tena lile lenye tumaini ndani yake. Kubeti kunafaa kwa sababu anayebeti anaamini anawatafutia watu wake. Ulevi unawezekana pia, ila ni mgumu zaidi, maana mlevi anakunywa yeye na kusahau yeye, nyumbani hakuna anachodhani anakileta.

Kisha taja kiasi. "Alipoteza hela" haimuumi mtu. Mama Neema ameweka 45,000 ndani ya kopo la maziwa kwa ajili ya sare na viatu. Baba Neema anachukua 30,000 na kuweka mikeka mitatu ya 10,000, yaani tiketi za kubeti mechi kadhaa kwa pamoja: moja ikienda kinyume, mkeka wote umechanika. Miwili inachanika mapema. Wa tatu una mechi 9, nane zinakubali, ya tisa inachana dakika za mwisho. Msomaji aliyewahi kukosa kwa mechi moja amekwisha kushikwa kooni, na yule asiyebeti ameelewa kwa nini mtu hurudi tena kesho.

Kiasi kisizidi uwezo wa jasho. Shilingi 30,000 fundi nyavu anaweza kuirudisha kidogo kidogo, na hadithi ina pa kwenda. Ukiandika milioni 3, msomaji anapiga hesabu kichwani, anaona haitarudi, na katuni inageuka matanga.

Hapa kuna mtego unaowanasa hasa waandishi wa mwambao wa ziwa. Mwaka 2024 uvuvi Ziwa Tanganyika ulisimamishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Ni rahisi kumpa baba sababu kama hiyo: ziwa limefungwa, kazi hakuna, ndipo akachukua fedha ya mtoto. Ukifanya hivyo umemtoa hatiani, na baba asiye na hatia hahitaji huruma unayojaribu kuijenga. Tumia shida ya nje kama shinikizo tu, na karibu yake weka jirani mwenye shida ile ile ambaye hakugusa kopo.

Ujuzi uonekane kabla ya kosa

Sehemu ya 1 nzima asikosee. Mwonyeshe akifanya kazi anayoijua kuliko mtu yeyote mwaloni. Fremu mbili bila neno: vidole, sindano ya kushonea nyavu, tundu linalozibwa. Fremu ya tatu mwenye mtumbwi anaupitisha wavu mikononi akitafuta palipokuwa pamechanika, hapaoni. Heshima hiyo ni akiba. Utaanza kuila sehemu ya 2, na usipoiweka mapema hutakuwa na cha kula.

(Mtu anayeshona vilivyochanika huku mikeka yake inachanika: mzaha huo usimruhusu mhusika yeyote autamke. Ukitamkwa unakufa. Uache uwe wa msomaji mwenyewe.)

Kazi yake ikupe na ratiba. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa kuvutwa na taa. Mbalamwezi ikiwaka taa haina nguvu, na mitumbwi hupumzika siku kadhaa. Kwa fundi nyavu mambo ni kinyume: mitumbwi ikiwa nchi kavu ndipo nyavu zinamfikia. Tazama kalenda ya mwezi ya mwaka unaochora. Ukianza sehemu ya 1 wakati wa mwezi mwandamo, mwezi mpevu utaangukia karibu na sehemu ya 3 na ya 7. Hapo kazi imejaa, lakini katika hadithi yetu wenye mitumbwi wanalipa wakirudi majini. Kwa hiyo sehemu ya 3 anashona usiku na mchana na mfuko ni mtupu. Msomaji wa Kibirizi atakubali bila kuelezwa, na wa Tabora ataelewa kwa fremu moja ya mitumbwi iliyolala mchangani chini ya mwezi.

Daftari la malipo

Kabla ya kuchora chochote, chukua daftari la kawaida ulipige mistari safu tano: sehemu, kosa, nani ameumia, baba amelipa nini, nani anajua. Safu ya nne ndiyo roho ya kazi yote. Isikae tupu sehemu mbili mfululizo. Na malipo yawe ya mwili, mali au heshima yake. Machozi hayahesabiki, wala hotuba ya kuomba radhi.

Tujaze. Sehemu ya 2: kosa, 30,000, aliyeumia, Neema, ila hajui, malipo, hakuna bado. Sehemu ya 3: anaweka baiskeli bondi kwa 20,000 na usiku anazirudisha koponi. Deni limebaki 10,000. Sehemu ya 4: hana baiskeli, anatembea Ujiji hadi Kibirizi alfajiri na kurudi jioni, kwenye mvua za Desemba. Usitaje umbali. Chora viatu vikiwa vimefungwa kamba na kubebwa mkononi ili visiharibike matopeni.

Sasa safu ya tano. Mama Neema anadhani baiskeli ameazimwa rafiki wa kijiweni, na anamsema kwa hilo. Baba anakubali kusemwa. Msomaji peke yake ndiye anayejua iko wapi. Mtu aliyebeba siri ya mwenzake huanza kumtetea bila kuombwa, na huruma nyingi katika hadithi za mfululizo hutoka katika safu hii. Ila siri ina muda wake. Ikipita sehemu tatu bila mtu wa ndani kuigundua, msomaji ataanza kumwona Mama Neema mjinga, nawe utakuwa umemwonea.

Mwaka wa baba kuacha kubeti usiwe huu. Sehemu ya 5 analipwa 6,000 na kusimama mbele ya duka la kubeti. Sehemu ya 6 tunagundua ameweka mkeka wa 2,000 na kurudisha 4,000. Deni sasa ni 6,000. Angerudisha zote, tungekuwa na mahubiri. Angecheza zote, tungekuwa tumemwua. Hiyo 2,000 ndiyo inayomfanya mtu.

Shikamoo kama kipimo

Kabla ya kuandika mazungumzo makali, tumia salamu. Haina gharama, na kila msomaji anaisoma papo hapo. Sehemu ya 1 Neema anapiga magoti kidogo, "Shikamoo baba," anaitazama sura yake, anapata "Marahaba mwanangu." Akishajua kuhusu kopo, shikamoo inabaki lakini macho yako kwenye ndoo. Baadaye inatolewa akiwa amekwisha kupita. Usimfanye mtoto akatae kusalimia mapema, maana hiyo ni silaha ya mara moja tu, na katika nyumba nyingi za kwetu aibu yake humrudia mtoto.

Kwa maneno ambayo mtoto hawezi kumwambia baba, tumia babu au bibi. Mjukuu na babu wana utani. Babu anaweza kusema, "Mke wangu, baba yako kaishinda timu gani leo?" na watu wote watatu sebuleni wakajua anachokisema. Mama naye abaki na "Baba Neema." Siku atakapomwita kwa jina lake la kwanza, fremu hiyo haihitaji mchoro mkali.

Mkono wa mchoraji

Katika nusu ya kwanza chora nyumbani kwa kimo cha Neema: baba ni mrefu, kichwa kinakaribia bati. Kuanzia sehemu ya 5 panda juu taratibu hadi tumtazame baba tukiwa juu yake. Msomaji hatasema ameona, ila ataona.

Anapodanganya, ficha macho: kivuli cha kofia, mgongo, moshi wa jiko. Anapogunduliwa, yaonyeshe. Wengi hufanya kinyume, wanamchora mwongo akitoa macho kama sinema, na aliyegunduliwa akiinamisha kichwa. Kichwa kilichoinama hakionyeshi kitu.

Kwa katuni inayosomwa kwenye simu, fremu mbili kwa kioo kimoja zinatosha, zikishuka chini kwa mstari mmoja. Kiputo kimoja kisizidi maneno 15 hivi. Ukituma WhatsApp, tuma kama dokumenti, maana picha ikibanwa herufi huwa ukungu.

Mahali pa kucheka

Chekesha mipango yake, usichekeshe madhara. Baba Neema akimweleza mwenye genge "mfumo" wake wa kuchagua timu kwa rangi ya jezi, tucheke. Neema akipimwa sare ya kuazima yenye mabega ya mtu mwingine, pasiwe na mzaha hata wa kuku anayepita nyuma. Katika sehemu 8, moja isiwe na kichekesho kabisa, na iwe ya 6, Mama Neema anapofungua kopo.

Kipigo kiwe mstari usiovukwa. Baba akimpiga mkewe au mtoto, hata mara moja, hata "kwa bahati mbaya," daftari lako halina safu ya kulipia hicho. Kama hadithi inahitaji kipigo, basi ni hadithi nyingine na haipaswi kuwa ya kuchekesha.

Pa kukata

"Itaendelea" huwekwa kwa mazoea baada ya tendo baya, kwa sababu hapo pana mshtuko. Kwa baba mkosaji ni kosa la kiufundi. Ukikata hadithi mkono ukiwa koponi, siku saba zote msomaji anaona mkono koponi. Sogeza mkato fremu mbili mbele: kopo limefungwa, amelirudisha, na amelizungusha ili picha ya ng'ombe itazame mbele kama alivyoikuta. Tendo ni lile lile, lakini sasa msomaji anabaki na mtu anayeogopa.

Sehemu ya 5 ni tofauti. Pale mlangoni pa duka la kubeti, akiwa na 6,000 mkononi, kata kabla hajaamua. Mkato wa namna hii utumie mara moja tu kwa mfululizo mzima.

Yanayoharibu

La kwanza ni utoto wa huzuni. Fremu nne za baba akiwa mdogo, baba yake alikuwa mkali, ndiyo maana. Msomaji anahisi amepelekewa bili. La pili ni ugonjwa wa ghafla sehemu ya 7: baba kalazwa, wote wanalia, deni limefutwa. Ni wizi wa pili, safari hii mwibaji ni mwandishi. La tatu linapatikana zaidi kwenye katuni kuliko riwaya: kila sehemu kuanza upya kana kwamba jana haikuwepo. Kama baiskeli iko bondi sehemu ya 3, isionekane imeegeshwa ukutani sehemu ya 5. Msomaji wa katuni ana macho makali kwa vitu kuliko kwa maneno.

La nne ndilo baya zaidi: kumfanya mama mkali ili baba aonekane mpole. Mama Neema awe na haki, na awe na ucheshi wake. Sehemu ya 6 anapofungua kopo na kukuta 39,000, mpe fremu tatu za kuhesabu kimya, kisha kiputo kimoja: "Juzi zilikuwa 35,000." Kumbe alikuwa akihesabu tangu siku ya kwanza. Siri ya msomaji haikuwa siri, na ukurasa mzima unageuka.

Kujaribu kabla ya kutoa

Sehemu ya 2 na ya 6 zipe watu watano wasiojuana kabla ya kuzitoa: muuza samaki, bodaboda, mwanafunzi wa sekondari, mama wa makamo, mzee. Usiulize kama wameipenda, watakujibu kwa adabu tu. Uliza, "Huyu baba akigonga kwako usiku huu ananyeshewa, unamfungulia?" Baada ya sehemu ya 2, wawili wakisema ndiyo inatosha. Wote wakikataa, rudi sehemu ya 1 uongeze ujuzi. Baada ya ya 6 unataka wafungue huku wakinung'unika.

Na kama wote watano wanafungua kwa furaha, tena wanamlaumu Mama Neema kwa kubana hela, umempendelea baba. Usimwongezee kosa jipya. Fungua sehemu ya 7 jikoni, saa kumi na moja alfajiri, Mama Neema akimimina mawese kwenye chupa moja moja kwa taa ya simu, na upande wa pili wa ukuta mtu anakoroma.