Ukija Malindi uliza upepo kwanza, hoteli baadaye

Kila ikikaribia Disemba meseji zinaanza kuingia, jamaa wa bara wanauliza "tunashuka Malindi Krismasi, tutembee wapi?" na mimi huwajibu kwa swali, mnataka kuona nini? Manake Malindi ya kaskazi (upepo wa kutoka kaskazini) sio Malindi ya kusi (upepo wa kutoka kusini), na kuna mto Sabaki ambao ndo unaamua bahari ya mjini iwe na rangi gani wiki hiyo. Usipolijua hilo utatoa pesa nyingi, utakuta maji ya matope, alafu utarudi kwenu useme pwani ya Malindi chafu, na wala si chafu, ni wewe umekuja wakati sio wake.

Shemeji yangu wa Kitui yalimkuta hayo. Alileta watoto Disemba, wameshanunuliwa miwani ya kuzamia na kila kitu, na mwenye boti mmoja akachukua pesa yao ya kwenda kwenye matumbawe huku anajua kabisa siku ile ukitia mkono majini huoni vidole. Watoto walirudi wamenyamaza kimya. Iliniuma, sababu mgeni ni wangu. Jioni nikawapeleka darajani Sabaki, tukasimama pale pembeni tukitazama maji yanateremka mazito, rangi ya chai ya maziwa iliyokolea, na matawi makavu yanaelea, nikamwambia shemeji, huu udongo unaouona umetoka kwenu. Hakuniamini mara moja. Lakini ndo hivyo, mto unaanza huko juu upande wa Nairobi unaitwa Athi, unapita mpakani mwa Kitui na Makueni, ukiungana na mto Tsavo unaitwa Galana, ukifika kwetu ni Sabaki, jumla kama kilomita 390, ni wa pili kwa urefu Kenya nzima baada ya Tana. Mvua kubwa ya Ukambani ni ile ya Oktoba hadi Disemba, inaosha mashamba, na wakati huohuo huku kaskazi inaanza kuvuma, inasukuma yale maji mekundu kuja kusini, yaani moja kwa moja hadi ufuo wa mjini. Ndo maana Krismasi nyingi bahari ya Malindi mjini inakuwa hivyo.

Kwa hiyo ukitaka kuona samaki na matumbawe kwenye hifadhi ya bahari kule Casuarina (ni ya tangu 1968, yetu na ya Watamu zilifunguliwa pamoja) subiri kidogo, njoo mwisho wa Januari, Februari, mwanzo wa Machi, mvua za bara zishakatika, kaskazi imetulia, maji yamesafika. Na kabla ya kulipa uliza mvuvi yeyote swali moja tu, "leo ni bamvua au maji mafu, na yanapwa saa ngapi?" Maji mafu ni siku ambazo hayapwi sana wala hayajai sana, na bamvua ni zile siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji yanapwa sana na kujaa sana, na huku kwetu siku hizo hupwa kama saa nne saa tano za asubuhi, ndo wakati mzuri wa kwenda na boti ya kioo, matumbawe yako karibu. Mtu akikuuzia safari ya matumbawe saa ya maji kujaa, mwambie asante, kesho. Ada ya hifadhi inalipwa kwa simu kupitia eCitizen, fungua akaunti ukiwa bado nyumbani na intaneti iko sawa, usije ukahangaika getini na familia imesimama juani.

Ukija miezi ya kusi, Juni mpaka Agosti, bahari inachafuka, mwani unajaa ufuoni, na hoteli kadhaa zinakuwa zimefungwa tangu Mei. Watu wengi wanakwambia usije. Mimi nakwambia njoo, tena mimi ndo msimu niupendao, jua si kali, bei ya vyumba iko chini kidogo, alafu maji mekundu ya Sabaki yanasukumwa kaskazini upande wa Mambrui. Kuogelea utaogelea kwenye bwawa, lakini kutembea ndo wakati wake. Na kuanzia Julai mpaka Oktoba nyangumi wanapita nje ya Watamu, kuna boti zinazoenda kuwatazama, ila kama unatapika haraka usipande siku ya upepo, bahari ya kusi haina masihara. Papa shilingi (wanaomwita whale shark) yeye ni mgeni wa kaskazi, usimtafute Julai.

Sasa mdomo wa Sabaki. Hapa ntakaa kidogo, manake watu wanavuka daraja kila siku wakienda Garsen na Lamu bila kujua kilichoko mita chache chini yao. Panda tuktuk au matatu ya kwenda Mambrui, shuka darajani, tafuta vijana wa pale kijijini wanaotembeza wageni, usiende peke yako. Sikutishi, ni kwamba mto una viboko na mamba, na vijana wanajua wamelala upande gani leo. Unafuata mto kwa miguu mpaka baharini. Nenda asubuhi mapema au kuanzia saa kumi jioni, vaa viatu ambavyo havikusumbui vikilowa. Ukifika mwisho, mchanga unafunguka kote, nyuma yako vilima vya mchanga, mbele bahari, na pale yanapokutana maji matamu na maji chumvi kuna mstari kabisa, upande huu kahawia upande huu kijani, unauona kwa macho. Kwenye tope ukichuchumaa utulie dakika mbili tatu, kaa wadogo wanatoka mashimoni mmoja mmoja, ukisogeza mguu wote wanapotea. Na nyayo za heroe, wale ndege wa pinki wanaoitwa flamingo, zimechapwa mpaka majini, kila unyayo una vidole vitatu vyenye ngozi katikati. Heroe hawaji kwa ratiba, kuna siku wako mamia, kuna siku hamna. Lakini ndege wa kutoka Ulaya na Asia wanajazana kuanzia Septemba mpaka Aprili, na kipindi cha kusi kuna ndege mmoja mdogo anayekuja kutoka Madagascar. Kwa hiyo mwezi wowote hutoki bure. Mlipe kijana vizuri, anayelinda ule mdomo usiharibiwe ni yeye.

Ng'ambo ile ya mto pia ina historia ambayo ningependa kila Mkenya aijue. 1914 Waingereza waliwatoa Wagiriama kwa nguvu kwenye mashamba yao mazuri ya kaskazini mwa Sabaki, baada ya Mekatilili wa Menza kuwainua watu wakatae kodi na kazi za kulazimishwa. Huyu mama alikuwa anakusanya watu kwa ngoma ya kifudu, 1913 akakamatwa, akapelekwa mbali huko Kisii, akatoroka akarudi kwa miguu. Sanamu yake iko Malindi mjini, na Agosti kunafanyika sherehe zake, Wagiriama wanakuja na mavazi, ngoma, wazee wa kaya (misitu yao mitakatifu). Tarehe hubadilika, kwa hiyo uliza wiki mbili kabla. Ukihudhuria, usimpige mzee picha kabla hujamsalimia na kumuomba, na kina mama wenye hando (sketi ya Kigiriama) usiwashike nguo ati unauliza imeshonwaje.

Sherehe ya pili ni maulidi. Hii haifuati Januari wala Februari, inafuata mfungo sita (mwezi wa tatu wa Kiislamu), na kila mwaka inarudi nyuma kama siku kumi na moja, kwa hiyo usiniulize "maulidi ni mwezi gani" uliza mwandamo. Mambrui wanasoma maulidi makubwa, watu wanatoka mbali, matari, kanzu nyeupe, udi, wali unapikwa kwa masufuria ya kubebwa na watu wawili. Mgeni anakaribishwa hata kama si Muislamu, ila jistiri, dada beba leso, kaka vaa suruali ndefu, na fuata watakapokuonyesha ukae. Ukiwa Mambrui mchana, pitia lile kaburi la nguzo lililokuwa limetiwa bakuli za Kichina. Watu hawa walikuwa na biashara na Uchina zamani sana, 1415 Malindi ilipeleka twiga mpaka kwa mfalme wa Uchina, hebu fikiria twiga kwenye jahazi!

Ukija Ramadhani mikahawa mingi ya mji wa kale inafungwa mchana, usinung'unike. Pumzika, alafu toka magharibi, mji ndo unaamka, viazi karai, kachiri, bhajia, kaimati, uji wa mchele, vyote barabarani.

Gede nenda mwezi wowote, hata mvua ikinyesha, ila uende asubuhi. Ni kama kilomita 16 kutoka Malindi, matatu ya Watamu au Mombasa inakushusha Gede stejini, kutoka hapo unatembea au boda. 2024 imeingizwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO na sisi huku tulifurahi sana, manake tulikuwa tunasema miaka yote kwamba huu ulikuwa mji wa watu wetu, sio magofu ya mashetani. Chukua muongozaji, usizunguke mwenyewe, ukizunguka mwenyewe utaona kuta tu. Muongozaji atakupeleka kwenye kaburi lenye tarehe ya 802 ya hijria, yaani 1399, atakuonyesha visima, vyoo, nyumba zilivyogawanywa chumba cha wageni na chumba cha ndani kabisa, na utaona kama una macho kwamba ni mpango uleule wa nyumba za Lamu mpaka leo. Mji ulihamwa mwanzo wa karne ya 17. Kaa kimya kidogo karibu na msikiti mkuu, mizizi ya miti imekumbatia kuta za mawe ya matumbawe. Ndizi na biskuti ziweke ndani ya begi lenye zipu, tumbili wa pale wanapora mchana kweupe. Ukitoka, kwenye lango hilohilo kuna nyumba ya vipepeo, na ukibaki na nusu siku nenda msitu wa Arabuko Sokoke au daraja la mbao kwenye mikoko ya Mida.

Mjini penyewe siku moja inatosha. Mnara wa Vasco da Gama kila mtu anaupiga picha, ni sawa, alikuja 1498 akapewa nahodha wa kumfikisha India, lakini mimi nikikutembeza ntakukalisha zaidi kwenye kile kikanisa kidogo cha Wareno chenye paa la makuti, na kwenye makaburi ya nguzo karibu na msikiti wa Juma. Jumba la makumbusho liko palepale mbele ya bahari. Usitembee na nguo ya kuogelea mitaa ya Shela, pale ni nyumbani kwa watu, toa salamu, shikamoo kwa wazee, utaona milango inavyofunguka. Chakula, asubuhi mahamri na mbaazi za nazi, jioni samaki wa kupaka, na kama ni Disemba au Januari maembe, omba ngowe, lile refu lililopinda kidogo mdomo.

Mwisho Marafa, wenyewe Wagiriama wanaita Nyari. Ardhi imemomonyoka ikabaki minara ya mchanga mweupe, pinki, rangi ya machungwa, nyekundu. Wazee wanasimulia kulikuwa na familia tajiri wa ng'ombe mpaka wakawa wanaoga maziwa, Mungu akawadidimiza. Usiende saa sita mchana, kule chini joto linakuzingira kama tanuri na hakuna kivuli. Panga ufike kama saa kumi, lipa pale getini kwa wanakijiji, shuka na muongozaji kwa vile njia inateleza, beba maji lita moja kila mtu, alafu panda juu usubiri jua lishuke, dakika kama ishirini hivi za mwisho ile minara inawaka. Masika usishuke, udongo unaporomoka. Na aliyekuleta, awe boda au tuktuk, mwambieni kabla hamjatoka Malindi kwamba atawasubiri mpaka giza liingie, na bei ya kurudi iwe ndani ya bei hiyohiyo, manake baada ya magharibi gari za kurudi kutoka Marafa ni shida kupata.