Siku 14 baada ya kemo: kwa anayemuuguza mgonjwa visiwani Lamu

Dawa za kemo, yaani dawa kali za kutibu saratani, huandama seli zinazogawanyika upesi. Uvimbe wa saratani hugawanyika hivyo, na uboho wa mifupa pia, mahali seli shina zinapozalisha chembe nyeupe za damu, askari wa mwili dhidi ya bakteria. Kwa dawa nyingi chembe hizo huwa chache zaidi kati ya siku ya 7 na ya 14, kisha uboho huzijaza tena. Ndiyo maana kemo nyingi hupangwa kila baada ya siku 21.

1. Kabla ya kutoka hospitali, omba karatasi yenye majina ya dawa. Siku ya kemo iandike kuwa ya 1. Nunua kipimajoto cha dijitali. Kiganja kwenye paji la uso hakitoshi.

2. Saa 48 za kwanza dawa hutoka kwa mkojo, kinyesi na matapishi. Vaa glavu, na nguo zilizochafuka zifue peke yake. Aliyepewa doksorubisini hukojoa mkojo mwekundu siku moja au mbili: ni rangi ya dawa. Ukiona mabonge, hiyo ni damu, mpeleke hospitali.

3. Mgonjwa asukutue kinywa mara 4 kwa siku: nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye glasi ya maji ya uvuguvugu. Maji ya kisima yachemke kwanza. Samaki aive mpaka nyama iachane na mwiba, na kachumbari asile kwa sasa.

4. Pima joto asubuhi, jioni, na kila akitetemeka. Kama unapima kinywani, subiri dakika 30 baada ya kahawa. Usipime kamwe njia ya haja kubwa, kwani mkwaruzo mdogo hufungulia bakteria mlango. Joto likifika nyuzi 38 ni dharura, hata kama anaongea na kucheka. Usimpe parasetamoli kwanza: namba itashuka, bakteria wataendelea kuzaliana. Wala usitafute usaha. Usaha hutokana na chembe nyeupe, na mgonjwa anazo chache mno, kwa hiyo kidonda kibaya huweza kuonekana kisafi.

5. Walioko Pate, Siyu au Faza, kabla ya siku ya 7 zungumzeni na nahodha atakayekubali kuamshwa usiku. Kwenye Mkanda, mkondo mwembamba wa bahari kati ya Manda na bara, maji yakitoka boti hukwama. Jueni saa za kujaa na kupwa kwa siku zote hizo.

6. Mkifika hospitali, neno la kwanza liwe: "Alipata kemo, leo ni siku ya 10, ana homa." Toa karatasi. Antibiotiki inatakiwa iingie mshipani ndani ya saa 1. Kipimo cha malaria kifanywe, lakini antibiotiki isingoje majibu yake.