Kiwavijeshi yupi? Jina la kisayansi kwenye taarifa ya shamba

Msimu uliopita nilipata ujumbe kutoka kata jirani hapa Uyui: "Viwavijeshi wameingia, leteni dawa." Nikauliza, yupi? Jina hilo wanalibeba wadudu wawili. *Spodoptera exempta* ni yule wa siku zote, anayetembea kwa makundi na kukomba nyasi na mahindi pamoja. *Spodoptera frugiperda* ni mvamizi aliyeonekana Afrika mara ya kwanza mwaka 2016. Huyu hujichimbia ndani ya moyo wa mmea wa mahindi, huacha kinyesi kama unga wa mbao, na karibu na mkia ana madoa manne meusi yaliyokaa mraba. Ukimpulizia majani ya nje tu, umemnyeshea mvua mtu aliye ndani ya nyumba.

Kwa hiyo, ndugu bwana shamba na bibi shamba, andika jina la Kiswahili au la Kinyamwezi, kisha la kisayansi. Neno la kwanza, la jenasi (kundi la viumbe wa karibu), huanza kwa herufi kubwa. La pili, la spishi (aina yenyewe ndani ya kundi hilo), ni herufi ndogo daima, na hapo ndipo wengi tunateleza. Mninga wetu ni *Pterocarpus angolensis*: a ndogo, hata kama neno limetoka Angola. Kwenye kompyuta maneno yote mawili huandikwa kwa herufi za mlazo. Kwa kalamu, yapigie mstari chini. Kwenye WhatsApp weka alama ya _ mwanzo na mwisho, yatalala yenyewe.

Ukishaandika kirefu mara moja unaweza kufupisha: *S. frugiperda*. Lakini lile gugu la kiduha nalo ni *Striga asiatica*. Shamba likiwa na vyote viwili, hiyo S. ni ya nani? Andika kirefu, wino hauishi kwa hilo.

Jina la mbegu lina utaratibu wake. Wenzetu wa Kasulu wanaoandikia maharage waandike *Phaseolus vulgaris* 'Lyamungu 90', jina la mbegu likiwa wima, si la mlazo, ndani ya alama za nukuu moja moja.

Na kama spishi huijui, usibahatishe. Andika *Spodoptera* sp., hiyo sp. (kifupi cha spishi) ikiwa wima na nukta yake. Spishi zikiwa zaidi ya moja, spp. Mimi namwamini zaidi anayeandika sp. kuliko anayenakili jina kutoka kwenye kibandiko cha chupa ya dawa. Kisha mpige picha mdudu, na mkia uonekane.