Unataka kuigiza sauti za anime (katuni za Kijapani) na upo Unguja? Anza hivi

Nikimwambia mtu tu kwamba nafanya kazi za sauti jawabu ni moja, "haya hebu tufanyie Naruto", yule mvulana wa katuni. Iwe harusini, iwe ndani ya gari ya Bububu tumebanana watu wanne siti moja, ni Naruto tu. Nikisema kwa Kijapani anaemtia sauti Naruto ni mwanamke, Junko Takeuchi, tangu 2002, wanaona nawatania. Luffy wa One Piece nae mwanamke, Mayumi Tanaka, kazaliwa 1955 na yupo hapo toka 1999, yaani huyo ni bibi wa mtu kabisa. Goku wa Dragon Ball ndo usiseme, Masako Nozawa kazaliwa 1936, kamuanza Goku 1986 na uzee umemkuta nae bado. Hakuna miujiza, mtoto wa kiume ukimpa kazi ana miaka 11 akifika 14 sauti inavunjika na katuni bado inaendelea, sauti ya mwanamke inakaa miaka na miaka. Kwa hiyo wewe unaejisema sauti yangu nzito kama ya kaka yangu, usijitoe mapema.

Sasa mie nilivyoanza nilikosea, na karibu kila ninaemuona anaanza anakosea hapohapo. Nilikaa kama mwaka mzima najibana koo nitoe ile sauti nyembamba ya msichana wa anime, kichwani nikijiona nimefika. Nikapata nafasi ya kumsikilizisha dairekta mmoja klipu yangu, akasikiliza sekunde kumi hivi akasimamisha, akaniuliza "huyu mtu anazungumza na nani, na anataka nini?" Nikabaki namuangalia. Sikuwahi hata kufikiria, nilikuwa na sauti tu, mtu hakuwepo.

Kumbe Japani hawa seiyuu (ndo jina la wenye kazi hii kwao) wengi wametokea kwenye maigizo ya jukwaani, na shule zao zinafundisha kuigiza hasa. Hayashibara Megumi alikuwa anasomea unesi huku anafanya mafunzo ya sauti, akaupata na unesi wake kabisa, halafu ndo akaja kuwa sauti ya Rei kwenye katuni ya Evangelion 1995. Kisa hichi mpe mama yako akianza kusema kazi gani hiyo ya kupiga kelele, mama yangu mie aliposikia neno nesi akatulia.

Basi kabla hujagusa maiki chukua sentensi moja, yoyote, "umekuja" kwa mfano. Iseme kwa mume alierudi safari baada ya miezi sita, iseme kwa anaekudai, iseme kwa mtoto aliechelewa kurudi chuoni na magharibi ishaadhiniwa. Neno halijabadilika ila ukiisikiliza vizuri utaona pumzi ndo iliyobadilika, kwa anaekudai unaishusha, kwa mtoto unaivuta kabla. Fanya hivyo wiki mbili na sauti yako hiihii ya kila siku, usiipambe.

Na pumzi hatuna sababu ya kuikosa sie. Ukishakaa mbele ya maalim akakurudisha aya moja mara nane kwa sababu umekata pasipokatwa au madda hujaivuta sawasawa, wewe una mafunzo ambayo watu wengine wanayalipia. Herufi itoke mahala pake, pumzi uipange kabla hujaanza, usimamie panaposimamiwa. Sisemi qur-ani isomwe kwa ajili ya katuni, astaghfirullah, nasema kifua na ulimi vishazoeshwa, basi tumia. Na paukwa pakawa ya bibi nayo usiidharau, bibi yangu alikuwa anafanya sungura, fisi na mke wa fisi peke yake kwenye mkeka na hakuna mtoto aliewachanganya.

Chumba cha kurikodia. Usinunue kitu kwanza! Fungua kabati la nguo, lililojaa, liwe mgongoni kwako ama uingize kichwa humo kabisa, mbele tundika blanketi, chini tandika godoro, likiwa la sufi ndo bora zaidi. Zima feni na friji (andika kikaratasi ujikumbushe kuliwasha, mie nilisahau samaki wakaoza na maneno niliyoyapata si ya kuandika hapa). Adui mkubwa mjini sio honda wala muadhini, ni kunguru, asubuhi kwenye bati hawakuachii dakika mbili. Mie narikodi baada ya isha, saa tatu za usiku mpaka saa tano, nyumba ikishatulia. Masika ukiwa chini ya bati sahau tu.

Simu inatosha kuanzia. Ukija kununua maiki ile ya kuchomeka yusb inatosha, mdomo ukae kama shibiri moja na maiki, kidogo upande, usiipulizie uso kwa uso. P na b zikipiga kama ngoma chukua soksi ya nailoni uivishe kwenye duara la waya uiweke katikati. Programu ya kurikodia ya Audacity ni bure. Rikodi kwa faili la WAV, 48,000 hezi, na sauti yako ya juu kabisa isifike kwenye wekundu wa kipimo cha sauti, maana iliyopasuka haishoneki.

Haya sasa tuje kwenye kazi yenyewe, hapa ntakaa kidogo kwa sababu ndo watu wanapofelia. Wajapani wanarikodi picha ikiwa tayari au nusu tayari, waigizaji kadhaa wanakuwa ndani ya studio pamoja, maiki chache, kila mtu na skripti yake mkononi, zamu yako ikifika unasogea kwenye maiki bila kiatu kulia na karatasi unageuza bila kusikika. Sisi tunaotia Kiswahili juu ya kitu kilichokwishasemwa kwa lugha nyengine aghlabu unakuwa peke yako na hedifoni, sikioni unasikia lugha ya watu, na mdomo kwenye skrini hauna habari na wewe.

Tuseme msichana anasema "zettai ni akiramenai", maana yake sikati tamaa kabisa. Hizo ni silabi 11 kwa hesabu yao. Mtu wa mwanzo atatafsiri "mimi kamwe sitokata tamaa hata iweje", hesabu, 16. Msichana kashafunga mdomo kageuka kaondoka na wewe bado upo "hata iweje". Ukikimbiza uwahi unasikika kama mnadi wa sokoni. Mie hapo naweka "asilani sikati tamaa", ni 10, ile a ya mwisho naivuta kidogo inakuwa 11 na tumemaliza pamoja. Angalia na hii, "me" yao ni silabi ya tisa na "ma" yetu ni ya tisa pia, kwa hiyo midomo inafunga pahala pamoja! Niliporuka siku ile jirani aligonga ukuta. Kwa anime lakini usijiue kwa hilo la midomo, kawaida mdomo wa katuni una michoro michache tu, umefungwa, nusu, wazi, ukianza nae na ukamaliza nae imetosha. Kwenye tamthilia ya Kituruki ambayo uso umejaa skrini nzima, hapo m na b na p zinakuumbua.

Kiswahili chetu kina viambishi vinavyorefusha, kwa hiyo jifunze kupunguza bila kuua maana. "Siwezi kukuruhusu uondoke peke yako" inakuwa "peke yako huendi". Na ukiona tafsiri haitamkiki mwambie dairekta kwa adabu, usibadilishe kimyakimya ukiwa kwenye maiki.

Kuna na vile visivyoandikwa, kuguna, kuanguka, kupigwa ngumi ya tumbo, kula huku unasema. Waigizaji wapya Japani wanaanza na sauti za umati, wenyewe wanaita gaya, watu wa sokoni, watoto wa skuli, abiria. Jizoeze hivyo, nenda Darajani asubuhi usinunue kitu, sikiliza tu. Muuza ndizi wa kule anavyovuta neno sio anavyovuta Mpemba wa duka la vitambaa, weka kichwani vyote viwili. Lahaja lakini itumie pale mhusika anapoihitaji, sio kila kichekesho lazima awe Mpemba, tumechoka.

Kelele za vita fanya mwisho wa kazi. Ukianza na ukelele wa Goku saa tatu saa nne huna sauti. Maji ya kawaida sio ya barafu, na koo likianza kuwasha acha, tangawizi inaliwaza lakini haitibu, kinachotibu ni kunyamaza. Ukikauka sauti wiki mbili nenda hospitali wakuangalie.

Kazi ziko wapi? Ntakwambia kweli, kuwa seiyuu Japani unahitaji Kijapani cha mzaliwa, na hata wenyewe wanateseka, wengi wanaoanza wanauza dukani au hotelini ili waishi. Mlango wetu ni Kiswahili. Mwaka 2011 tamthilia ya Kichina ya Doudou ilioneshwa TBC ikisema Kiswahili, Azam nao wakaja na Sultan ya Kituruki, na StarTimes walishafanya shindano la kutafuta sauti Tanzania mwaka 2016. Ubongo Kids ni katuni ya kwetu, imeanza 2014 Dar. Hawa wote wanataka mtu wa Kiswahili kilichonyooka, na wewe kimekulea. Kuna matangazo, michezo ya redio, vitabu vya kusikiliza. Na uso hauonekani, ndugu yangu mmoja anavaa ninja (nikabu) na anafanya kazi hii bila ya mtu kumuuliza kitu.

Ila pesa andikiana. Mie nilisoma tangazo la duka moja la hapa mjini, nikalipwa mara moja, elfu thelathini, nikafurahi nikanunua viatu. Tangazo likapigwa miaka miwili, redioni, kwenye gari la matangazo, mpaka sauti ikawekwa kwenye simu yao ya kupokelea wateja. Nikenda kuuliza nikaambiwa si tulishakulipa dada. Hawakuwa wameniibia, sikuandika kitu. Siku hizi karatasi yangu ina mambo manne, itatumika wapi, kwa muda gani, wakitaka kurekebisha maneno mara ya pili ni kiasi gani, na la nne sauti yangu isifunzwe kwenye akili bandia bila ruhusa. Hilo la nne sio wasiwasi wangu tu, Oktoba 2024 seiyuu 26 walitoka hadharani Japani kulipigia kelele.

Demo, yaani sampuli ya sauti yako unayowatumia wenye kazi, usizidishe dakika moja. Vipande vinne au vitano, cha kwanza sauti yako halisi, halafu mtoto, mtu mzima, mwenye hasira asiepiga kelele (huyo mgumu kuliko anaepiga), msimulizi. Usiweke muziki juu. Usichukue vipande vya anime ukavipandisha na sauti yako ukaviuza, vina wenyewe, andika maneno yako mwenyewe. Faili lipe jina lako na namba ya simu palepale kwenye jina, maana mie niliwahi kutuma "sauti mpya 3 ya mwisho kabisa" na dairekta akampigia mtu mwengine akidhani ndie mie, yule dada akaenda, akasomeshwa mistari miwili, akaipata kazi.