Wa kwanza kwenu kwenda chuo na unataka kusomea afya ya dunia (global health, yaani afya ya watu na magonjwa yanayovuka mipaka ya nchi)? Fanya hivi

Mdogo wangu uliyeko Newala, Tandahimba au Ruangwa, kama nyumbani hakuna aliyewahi kusoma chuo basi hakuna wa kukukumbusha makaratasi, jikumbushe mwenyewe. Cheti cha kuzaliwa ndo kinachokwamisha wengi maana Bodi ya Mikopo wanataka kiwe kimehakikiwa na RITA (wakala wa serikali wa vizazi na vifo), sasa unakuta cha shule kimeandikwa Saidi cha kuzaliwa Said, au hakipo kabisa. Usisubiri matokeo ya foo siksi, anza ukiwa foo faivu, na hela ya korosho ikiingia baada ya mnada ongea na mzee mapema atenge ya vyeti na ya fomu ya mkopo kabla haijapotelea kwenye mambo mengine. Mzazi kama kafariki cheti cha kifo nacho kinahakikiwa, na kama kaya yenu iko TASAF (mfuko wa kusaidia kaya maskini) tafuta uthibitisho uuambatanishe.

PCB (fizikia, kemia na baiolojia) inafungua milango mingi. Watu wengi wanafika kwenye afya ya dunia kwa kupitia udaktari, uuguzi au afya ya mazingira (ipo MUHAS, chuo kikuu cha afya cha Muhimbili), halafu masta ya afya ya jamii. Alama zikigoma, chuo cha matabibu kipo hapahapa Mtwara, soma diploma ufanye kazi kisha ujiendeleze. Sifa za kila kozi ya digrii ziko kwenye mwongozo wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu), usome mwenyewe usiambiwe na mtu wa stesheneri.

Sasa hapa ndo napataka. Barua ya kuomba skolashipu usiandike "napenda kusaidia watu", kila mtu anaandika hivyo. Wewe umetoka mahali ambapo chikungunya, homa inayoenezwa na mbu, ilitambuliwa kwa mara ya kwanza, uwanda wa Makonde mwaka 1952, na mwaka 2013 ugonjwa huohuo ukaingia visiwa vya Karibiani ukasambaa Amerika ya Kusini. Kule juu maji ni shida, watu wanayaweka ndani kwenye mitungi na madumu siku nyingi, na mbu wake anataga kwenye maji kama hayo, kwa hiyo mtungi wa bibi yako unahusiana kabisa na homa ya mtu wa Brazil. Andika hilo! Ongezea mabusha na matende, ukanda wetu wa pwani unayajua vizuri.

Likizo nenda zahanati ya kijijini, msalimie mganga mfawidhi kwa adabu, omba kusaidia siku ya kliniki ya watoto, kupima uzito na kupanga kadi, na muombe akueleze vitabu vya MTUHA (vya taarifa za huduma za afya) vinajazwaje, maana takwimu za wizara zinaanzia pale.

Mzee akiuliza "utakuwa daktari au siyo?" mjibu kwa upole kwamba daktari anamtibu anayekuja, wewe utatafuta kwa nini kijiji kizima kinaumwa. Skolashipu za masta kama Chevening (ya serikali ya Uingereza) wanataka uwe umeshafanya kazi, kwa hiyo ukimaliza digrii kaa kazini kwanza, na barua za ajira zitunze zote.