Kuchagua Darubini ya Ndege kwa Mlango wa Sabaki na Hori ya Mida

Ndani ya msitu wa Arabuko-Sokoke, ambako ndege hujificha majanini hatua chache tu kutoka njiani, darubini ndogo ya macho mawili yatosha. Darubini kubwa ya jicho moja, ile inayosimamishwa juu ya miguu mitatu, hufaa mahali palipo wazi: kwenye mlango wa mto Sabaki, kaskazini ya mji wa Malindi, na kwenye hori ya Mida karibu na Watamu. Huko, hasa kati ya Oktoba na Aprili, vitwitwi na sululu waliohama kutoka Ulaya na Asia hutawanyika matopeni maji yakipwa, na siku za bamvua huwa mbali mno kutambuliwa kwa macho matupu.

Maandishi kama 20–60x80 yasomwe kwa makini kabla ya kulipa. Namba mbili za kwanza ni ukuzaji, na ya mwisho ni kipenyo cha lenzi ya mbele kwa milimita. Ukigawanya kipenyo kwa ukuzaji unapata upana wa nuru inayoingia jichoni: kwa mara 20 ni milimita 4, lakini kwa mara 60 hubaki milimita 1.3 tu, na taswira hufifia. Tena jua likishapanda, joto la mchanga huleta mazigazi, na darubini hukuza mtetemo huo pamoja na ndege mwenyewe, bila kujali bei iliyolipwa. Kwa hiyo sehemu kubwa ya utazamaji pwani hufanywa kwa ukuzaji wa kati ya mara 20 na 35. Mara 60 ni ya asubuhi mapema, unapotaka kusoma pete ya utambulisho iliyovishwa mguuni mwa ndege. Anayeuza darubini kwa kujivunia mara 100 asisikilizwe.

Kwa maoni yangu, lenzi ya milimita 65 yenye kioo bora ni chaguo la busara zaidi kwa Malindi kuliko ya 80 yenye kioo duni, kwa kuwa nuru yetu ya mchana ni tele na kuelekea mlango wa Sabaki hutembewa mchangani huku mzigo ukiwa begani. Kioo kilichoandikwa ED hupunguza ukingo wa zambarau au kijani unaozunguka kitu cheupe; ujaribu kwa kumtazama shakwe, au bati jeupe, dhidi ya anga.

Chagua darubini yenye kiooni (sehemu ya kutazamia) kilichoinama, kwani watu wa vimo tofauti huweza kupokezana bila kuirekebisha, na miguu huweza kushushwa chini zaidi. Anayevaa miwani atafute nafasi ya jicho, yaani umbali kati ya kiooni na jicho ambapo taswira yote bado huonekana, isiyopungua milimita 15. Mwili wa darubini uwe umezibwa na kujazwa naitrojeni, maana unyevu wa pwani huotesha kuvu ndani ya lenzi. Ukinunua iliyotumika, imulike kwa tochi kutoka upande wa pili na uikatae ukiona nyuzi kama za utando wa buibui. Mchanga upulizwe kwanza, usifutwe kwa kitambaa, na kamwe darubini isielekezwe kwenye jua.

Miguu mitatu ndiyo inayopuuzwa zaidi, nayo ndiyo huamua kama fedha zako zimetumika vyema. Kaskazi au kusi ikivuma, miguu myepesi hutetemeka hata pete ya ndege isisomeke. Tafuta yenye ndoana katikati ya kutundikia mkoba mzito, na usiinue nguzo ya kati bila haja. Dukani, weka ukuzaji wa mara 40, lenga maandishi ya mbali, kisha gonga mguu mmoja kwa kidole. Taswira isipotulia mara moja, omba miguu mingine.